"Niliibiwa simu" si "I was stolen": kugeuza sentensi za Kiingereza kuwa za kutendwa

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa kidato cha tatu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema alipewa "The cook is preparing the meal" aigeuze iwe ya kutendwa (passive), akaandika "The meal is prepared by the cook", mwalimu akamkosesha bila kueleza. Ya pili ilikuwa "Someone has stolen my bag", naye akaandika "I have been stolen my bag." Wengine wamekushauri umnunulie kitabu cha sarufi akariri jedwali la nyakati. Mimi hufundisha watoto wa majirani jioni, sebuleni kwangu hapa Umoja, na jedwali hilo nimelisikia likikaririwa kama shairi, halafu sentensi ikatoka imevunjika kiuno.

Kwanza, kijana wako anaijua kauli ya kutendwa. Anaishi nayo: nimeitwa, nimenyimwa, nimetumwa dukani. Ila Kiswahili humaliza kazi hiyo ndani ya kitenzi. Chukua "anapika", tia w, chakula kikae mbele, upate "kinapikwa". Ile -na- ya wakati haikuguswa. "Alipika" ikawa "kilipikwa", "amepika" ikawa "kimepikwa", na -li- na -me- zimekaa palepale. Kiingereza hakina w ya kuchomeka. Kinaita kitenzi kingine, "be", kinakitwika wakati, na kitenzi chenyewe kinabaki katika umbo la tatu, lile la mwisho kwenye wimbo wa "eat, ate, eaten" walioimba tangu msingi. Umbo hilo la tatu halibadiliki tena, iwe jana, leo au kesho.

Sasa kosa la kwanza. Binti mmoja wa hapa plotini alilifanya lilelile mwaka jana. Nikamwambia aniambie kwa Kiswahili, akasema, "Chakula inapikwa." Nikamuuliza, saa hii ama kila siku? Akanyamaza. Hiyo -na- yetu ya Nairobi inabeba yote mawili. Nikamuuliza tena, "Na kama ni kila siku, utasemaje?" Akajibu bila kufikiri: "Inapikwanga." Nikapiga meza! Hiyo "inapikwanga", ambayo mwalimu wake wa Kiswahili angetaka iwe "hupikwa", ndiyo "is cooked". "Inapikwa saa hii" ndiyo "is being cooked". Tangu siku hiyo, kabla hajagusa kalamu huuliza: inapikwa ama inapikwanga? (Walimu wa Kiswahili mnisamehe, nimetumia kilichokuwa mezani.)

Na si kosa dogo. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza, swali la sarufi lina alama 15, na sehemu ya kuandika upya sentensi hutaka maana isibadilike. Mpishi aliye jikoni sasa hivi ukimgeuza kuwa mpishi wa kila siku, maana imebadilika.

Njia ninayotumia mimi ni ya vizibo vya soda. Ninavyo kopo zima. Mtoto anaweka kizibo kimoja kwa kila neno la kitenzi. "Is preparing" ni vizibo viwili. Sheria ni moja: sentensi ya kutendwa huongeza kizibo kimoja. Kwa hiyo viwili lazima viwe vitatu, "is being prepared". Kijana wako aliandika "is prepared", vizibo viwili. Angehesabu angejua mwenyewe kwamba kuna neno limedondoka, hata kama hajui jina la wakati huo. "Stole" ni kimoja, "was stolen" viwili. "Will repair" viwili, "will be repaired" vitatu. "Will have finished" vitatu, "will have been finished" vinne.

Kizibo kipya kinaingia wapi, na kwa sura gani? Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo mimi hukaa wiki nzima na mtoto. "Be" huingia pale alipokuwa amekaa kitenzi kikuu, ikavaa nguo zake. Kitenzi kikuu kinasogea nyuma hatua moja na kuvaa umbo la tatu. Kama kilikuwa kimevaa -ing, kama "preparing", basi "be" inavaa -ing nayo inakuwa "being". Kama kilikuwa tayari umbo la tatu, kama "has stolen", inakuwa "been". Kama kilikuwa kitupu baada ya "will", "can" au "must", inabaki "be" tupu: "must be paid". Kama kilikuwa cha wakati uliopita kama "stole", inakuwa "was" au "were". Mtoto akiona hilo la kurithi nguo, jedwali halina kazi tena, kwa sababu anaweza kulitengeneza mwenyewe katikati ya mtihani.

Vizibo vinadanganya mahali pamoja: penye "do, does, did". "The tenant did not pay the rent" ina "did" ambayo imeletwa na ukanushi tu. Itoe kwanza, ubaki na wakati uliopita, ndipo uongeze: "The rent was not paid by the tenant." Swali ni vivyo hivyo: "Did the rain damage the roof?" inakuwa "Was the roof damaged by the rain?"

Na asisahau kwamba mwenye sentensi (kiima) amebadilika. "The teacher praises the girls" inatoa "The girls are praised", maana sasa "be" inawafuata wasichana. Hilo ni la uvivu tu, atalizoea.

Tuje kwa "I have been stolen". Hapa siwezi kumcheka mtu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliporwa simu ya ofisi pale Muthurwa, nikatakiwa kuandika maelezo kwa mkubwa wangu. Nikaandika kwa kujiamini, "I was stolen the office phone by two men." Alizungusha kalamu nyekundu kwenye "I was stolen", akaandika pembeni: "Then who is writing this letter?" Karatasi hiyo nilikaa nayo miaka.

Kiswahili kilikuwa kimeniponza. Sisi tuna iba, ibia, ibiwa. Ile i ya kutendea humleta aliyepatwa na jambo mbele kabisa ya sentensi: niliibiwa simu, nilivunjiwa dirisha, nilifiwa na baba. Mwenye hasara ndiye mwenye sentensi. Kiingereza hakina ibia. "Steal" huchukua kitu, si mwenye kitu, kwa hiyo kinachokuja mbele ni simu: "My phone was stolen." Ukitaka lazima uanze na "I", badilisha kitenzi: "I was robbed of my phone." Dirisha: "My window was broken." Kufiwa hakugeuki kabisa kwa "die", sema "I lost my father."

Kinachochanganya watoto ni kwamba vitenzi vichache vya Kiingereza vinakubali mtindo wetu. "Nilipewa kitabu" ni "I was given a book", sawasawa kabisa. Vilevile "tell", "show", "teach", "offer", "pay". Vyote hivi hukubali vitu viwili nyuma yake, mtu na kitu: "They gave me a book." "They stole me a phone" ukiisema, maana yake walimwibia mtu mwingine simu wakakuletea wewe. Huo ndio mtihani wa haraka. Kama mtu hawezi kukaa nyuma ya kitenzi bila kuharibu maana, hawezi kuhamia mbele.

Jambo jingine la hukohuko: viambishi vyetu hubeba kazi ambayo Kiingereza huiweka katika neno dogo la pembeni. "Kitanda hiki hakijalaliwa" ni "This bed has not been slept in." Mtoto huiacha ile "in", kwa sababu kwake imo ndani ya "laliwa". "They laughed at him" lazima ibaki na "at": "He was laughed at." Inaonekana kama sentensi iliyokatwa mkia, lakini ndivyo ilivyo.

Kisha kuna "na". Kwa Kiswahili cha mtaani tunasema alikatwa na kisu, alikatwa na jirani, sawa tu. Kiingereza kinatenga: jirani ni "by", kisu alichoshika ni "with". Na sahani "iliyovunjika" ina lake pia. Nyumbani kwangu sahani huvunjika zenyewe, hakuna mtoto aliyewahi kuvunja. Kiingereza nacho kinaweza kusema "The plate broke", lakini hiyo si kutendwa, na haikubali "by". Ukipewa "Otieno broke the plate", jibu ni "The plate was broken by Otieno", si "The plate broke by Otieno." Nimeiona hiyo mara nyingi kuliko unavyodhani.

"They made us wait" inarudisha "to" iliyofichwa: "We were made to wait." Na "Close the door" ya vitabuni hugeuzwa "Let the door be closed." Sijawahi kusikia binadamu akiisema, ila aijue, ni alama.

Leo jioni ukiwa unakata sukuma, mwite hapo jikoni umtajie unachofanya, unachofanyanga, ulichofanya na utakachofanya, naye ageuze kwa mdomo. Hata maharagwe yatafaa kama huna vizibo. Majibu ya zile mbili ni "The meal is being prepared by the cook" na "My bag has been stolen." Ya pili nimeiacha bila "by someone" kwa makusudi, kwa sababu "someone" haongezi habari yoyote. Mwalimu wake akiing'ang'ania, aiandike. Si kosa, ni mzigo tu.