Re: Kampuni za gemu zinafaidika nini na modi za bure?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini kampuni iwape wachezaji zana za kutengeneza modi (mabadiliko au nyongeza ambazo wachezaji wenyewe huweka kwenye gemu) bila malipo. Cha kwanza kuangalia: modi karibu zote haziendeshwi bila gemu yenyewe, kwa hiyo modi nzuri huuza nakala zaidi. Halafu kuna vipaji. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, gemu ya kampuni ya Valve. Valve wakawachukua walioitengeneza, na mwaka 2000 ikatoka kama gemu kamili. Gemu na mafundi kwa mpigo mmoja! Tena modi huifanya gemu idumu: mimi gemu ya Skyrim ya 2011 bado naicheza. Juzi nimeweka modi inayobadilisha ukungu wa milimani, nikakesha hadi alfajiri. Ila usiuze modi yako kabla hujasoma masharti ya leseni. Kampuni nyingi hukataza.