Bastola Ikianguka, Je, Hufyatuka Yenyewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalinda ghala la korosho hapa Mtwara. Mwenzangu aliangusha bastola yenye risasi ndani ya chemba (tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa) kwenye sakafu ya saruji, isilie. Je, ilikuwa bahati tu? – Mlinzi

JIBU: Ndugu mlinzi, inategemea bastola yenyewe. Ikiangukia mdomo, husimama ghafla, lakini pini inayogonga fataki (kiwashio kilicho nyuma ya risasi) huendelea mbele kwa uzito wake, na springi yake ikiwa dhaifu risasi inaweza kutoka bila kidole kugusa kifyatulio. Ndiyo maana bastola nyingi za kisasa zina kizuizi: kijiti kifupi cha chuma ndani ya slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza), kinachosukumwa na springi ndogo na kuifunga pini isisogee, ambacho huondoka njiani pale tu kifyatulio kinapovutwa. Walther P38 ya Ujerumani ilikuwa nacho, na kampuni ya Colt ya Marekani ilikiweka katika bastola zake za Series 80 mwaka 1983.

Hata hivyo, hewa yetu ya pwani ina chumvi, na kijiti kilichonaswa na kutu au grisi iliyoganda kinaweza kubaki wazi, kisizuie chochote. Tafadhali, bastola hiyo isirudi kazini kabla ya kukaguliwa na fundi wa silaha mwenye leseni.