Barua kwa mwanangu: kwa nini sikulia

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili, kisha nikaizima simu nikaenda kukagua migomba ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Umeniuliza: "Baba, mbona hukulia siku tunamzika Mama? Mchungaji alikusifu kuwa una imani. Mimi nililia hadi shangazi wakanishikilia. Ina maana mimi imani sina?" Nimeona niandike barua, maana kwenye simu ningekujibu kiualimu, na ualimu nilishastaafu.

Hilo la imani liondoe kwanza. Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro, na alijua muda si mrefu angemwita atoke kaburini. Aliyejua mwisho wa habari alilia, sembuse wewe? Mchungaji wetu namheshimu, ila siku ile alinisifu kwa jambo asilolijua.

Mimi sikulia kwa sababu nilishazoea kusubiri. Hapo inabidi nikurudishe nyuma, kabla hujazaliwa.

Baba yako Mkubwa alipanda MV Bukoba pale Kemondo, usiku wa tarehe 20 Mei 1996, akipeleka ndizi Mwanza. Mikungu yake nilimsaidia kubeba mimi. Meli ile ilitengenezwa kwa abiria kama 430, na tuliobaki gatini tuliona wazi kuwa wamezidi, lakini nani angekubali kushuka? Asubuhi ya Jumanne, Mwanza haiko mbali, ikapinduka. Habari tulizipata redioni. Tuliambiwa kuna watu wanagonga kutoka ndani. Wakatoboa tumbo la meli lililobaki juu ya maji ili wawatoe, hewa ikatoka, ikazama yote. Rais Mkapa akatangaza siku 3 za maombolezo.

Nilikwenda Mwanza. Nilipita kwenye maiti nikitafuta shati la kitenge, maana nyuso zilishakuwa hazisaidii. Sikumwona. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, kwa hiyo huenda yuko pale, na huenda ziwa lilibaki naye. Unajua kwetu mtu anazikwa kibanjani kwake, kati ya migomba yake. Bibi yako akakataa tanga lianuliwe. "Mnaanua nini," alituuliza, "mmemzika nani?" Sato na sangara hawakuingia tena jikoni kwake mpaka anafariki. Hakueleza, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi nikawa mtu wa kungoja habari. Anayengoja halii, kwa sababu akilia amekubali. Nilikuwa mzee wa kanisa, nashika sadaka kila Jumapili, na nyumbani nilikuwa nasoma Zaburi moja tu, ya 88, ile inayolalamika mwanzo mpaka mwisho na kuishia gizani. Zaburi nyingine nyingi zinalia halafu zinageuka kuwa sifa. Ile haigeuki. Nilishukuru kwamba hakuna aliyeitoa kwenye Biblia.

Sasa njoo Machi. Ugonjwa wa mama yako tuliujua, na mahali pa kulala alipachagua mwenyewe, pale karibu na mibuni. Ulipokuwa unalia, mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: uso wake tumeuona, ameoshwa na dada zake, yuko kwake. Nilikuwa na shukrani, mwanangu, na niliona aibu kushukuru msibani. Hiyo ndiyo "imani" aliyoiona Mchungaji.

Watu walisema mengi siku zile. Aliyenifaa ni yule jirani wa bondeni, aliyekuja na kigoda chake, akakaa siku nne bila kusema neno, akaondoka na kigoda chake. Marafiki wa Ayubu nao walikaa kimya siku saba, wakawa marafiki wazuri kabisa. Waliharibu walipofungua midomo.

Kuhusu machozi yangu, yalikuja wiki iliyopita. Senene walianguka, watoto wa jirani wakaniletea nusu ndoo. Nikaketi kuwanyonyoa mabawa na miguu, kazi ambayo mama yako hakuwahi kuniachia kwa sababu alisema namaliza nyama. Nikawaweka kikaangoni, na walipoanza kunukia nikamwita aje aonje chumvi. Nilimwita kwa sauti, kwa jina lake la utotoni. Nikasikia nyumba ilivyo kimya. Nililia hadi mbwa akaja kusimama mlangoni. Senene waliungua wote.

Kwa hiyo usinipime kwa siku ya mazishi, wala usijipime. Wewe uliwahi, mimi nilichelewa miezi minane.

Ninayemwogopea ni mdogo wako. Pale kaburini nilimsikia mjomba wenu akimwambia ajikaze, yeye ni mwanaume, nami nikanyamaza. Hilo ni kosa langu. Amenipigia mara mbili mwezi huu hasemi kitu, tunasikilizana pumzi tu hadi salio linaisha. Mpigie. Usimuulize anaendeleaje, mwambie nilivyounguza senene.

Krismasi njooni wote wawili, nauli yake nitatuma. Magugu yameota kaburini upande wa mibuni. Nimeyaacha makusudi, tutayang'oa pamoja. Na senene wako wapo kwenye friji ya jirani, awamu ya pili. Hawa nilisimama nao jikoni mpaka wakaiva, ingawa chumvi imezidi kidogo.

Baba yako