Tramu ya mizigo (treni ndogo ya kupita mu barabara za muji): majibu ya wiki hii

Papa mumoja wa Katuba: "Niliona foto ya tramu ya buluu ya Dresden, kule Ujerumani, inabeba bipande bya motokari. Juu ya nini Lubumbashi hatuna yetu?"

Papa, ile foto iko ya zamani, tramu yenyewe, jina yake CarGoTram, ilisimama mu 2020. Na muone vile ilikuwa: muteja mumoja tu, Volkswagen, depo upande huu, fabrike upande ule, reli inaingia mpaka ndani ya yote mbili, tramu moja inachukua tani 60 sawa na makamiyo tatu, hakuna wa kushusha kitu njiani. Amsterdam bakajaribu kupelekea maduka mingi mu 2007, ikabidi tumotokari twa umeme tumalizie njia, feza ikakosa, mu 2009 kampuni ikafilisika.

"Kuko mahali inaendelea?"

Zürich, tangu 2003, inaokota takataka kubwa kubwa. Lakini batu benyewe njo banazileta mpaka ku tramu.

Mama muuzaji, soko ya Kenya, hapa Lubumbashi: "Treni ikileta bunga mpaka mujini, bei itashuka?"

Mama, bei iko mu mikono. Juzi nilifuata mufuko mumoja toka depo: kijana wa kwanza akaupandisha ku kamiyo, wa pili akaushusha, wa tatu akautia ku pusupusu, tukafika pa kuvukia reli, gurudumu likanasa, mufuko ukapasuka, bunga ikamwangika palepale juu ya reli yenyewe, na bote batatu bakadai franka zao. Treni peke yake inaongeza kijana wa ine. Bajenge kwanza depo pembeni ya reli na pembeni ya soko, kisha tuzungumuze mashini.

Goma: "Tramu itaua kazi ya chukudu, ile trotinete kubwa ya mbao ya kubeba mizigo?"

Goma haina hata metre moja ya reli. Ulale tu, ndugu.

Mwanafunzi: "Si tutie mizigo mu mabehewa ya abiria?"

Mumbai banafanya tangu 1890, dabbawala, babebaji ba chakula, banapanda treni ya kawaida na bikopo bya chakula, alama ku kila kikopo, na siku ileile banarudisha bitupu. Inawezekana juu kikopo kinabebwa na mukono. Mufuko wa makala je? Na kwetu mwenye amepanda treni anajua mizigo inaketi mbele ya batu, hata njia ya choo hauione.

"Tramu moja ni bei gani?"

Mara ya ine hii! Mi si muuzaji wa tramu. Na kama kuko mutu anazunguka mu kartye anaandikisha batu kwa hisa ya "tramu ya Lubumbashi", musitoe hata franka.