Malizeni maneno nyumbani kabla uchungu haujaanza

Wadogo zangu wenye mimba ya kwanza huniuliza sana kuhusu begi la hospitali: niweke nini, ninunue wapi. Begi nitalifikia, na halitachukua mistari mingi. Kinachowachelewesha wengi wetu ni ile saa nane ya usiku, mama anagugumia chumbani, na watu wazima sebuleni wanaulizana tumpigie nani, hela anayo nani, twende hospitali gani. Maneno hayo yaishe mimba ikiwa ya miezi saba au minane, mchana, watu wakiwa wametulia.

Nilipobeba mimba ya kwanza tulikuwa tunaishi Igogo, hapa Mwanza, juu kwenye mawe. Anayezijua nyumba zetu za mlimani, iwe Igogo au Mabatini, anajua bajaji inaishia chini barabarani. Kutoka pale ni vichochoro na ngazi za mawe, na mvua ikinyesha mawe yanateleza hata kwa mtu asiye na mimba. Mume wangu alipatana mapema na jirani mwenye bajaji, bei ya usiku ikajulikana. Namba yake tuliiandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki, maana simu huisha chaji. Jioni moja tukashuka wote njia ndefu, ile isiyo na ngazi nyingi, tukajua wapi pa kupumzika uchungu ukibana na nani atashika tochi. Majirani walitushangaa. Usiku wa kujifungua hatukupoteza muda hata kidogo kubishana njia.

Wekeni pia namba 115 kwenye simu zote za nyumbani. Kuipiga ni bure. Ni ya mfumo wa m-mama, unaotafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga, na majaribio yake yalianzia huku kwetu, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kusambazwa nchini.

Wenzetu wa visiwani wana mtihani mkubwa zaidi. Wifi yangu anaishi Kome. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewarahisishia watu wa Sengerema, lakini halifiki Kome. Kule bado ni kivuko chenye saa zake, na ziwa likichafuka usiku hakuna wa kukuvusha. Kwa hiyo alihamia kwetu mapema, tarehe zake zikiwa bado mbele, akasubiria mjini. Kama huna ndugu wa kukupokea upande wa pili wa maji, uliza kliniki ni kituo gani kina chumba cha wajawazito wanaosubiri. Usingoje uchungu ndipo utafute mtumbwi.

Halafu hospitali gani? Jibu lipo kwenye kadi yako, muulize mkunga akusomee. Ukiwa na mapacha, kovu la operesheni, presha, au mtoto aliyekaa vibaya, zahanati haikufai, kwa sababu zahanati zetu hazina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezewa. Wengine wataelekezwa Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, wengine Bugando kabisa, ile ya kanda. Lijue hilo mapema, mumeo alijue na mama mkwe alijue.

Hapo kwenye damu naomba tukae kidogo. Mama mjamzito akipimwa wingi wa damu (hemoglobini) kliniki, anatakiwa awe na damu isiyopungua 11. Ukiingia leba na damu 8, ukitokwa damu kiasi ambacho mwenzio angekivumilia, wewe unaweza kuzimia. Meza vile vidonge vya kuongeza damu hata kama vinakupa choo cheusi, na umeze kwa maji au juisi ya chungwa. Chai ya rangi iache hadi baadaye, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Dagaa, maharage, matembele, maini ukipata. Punguza udongo wa pemba, najua utamu wake ukiwa na hamu. Kunywa vidonge vya SP kila unapopewa kliniki na ulale kwenye chandarua, kwani malaria ya Kanda ya Ziwa inakula damu kimyakimya. Na kama unafua, unaoga au unachota maji ziwani, mwambie mhudumu: kichocho nacho hupunguza damu, na kinatibika. Mwisho wa yote, tafuta ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu ikihitajika, ujue na simu zao.

Sasa jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona: dawa za mizizi za kuharakisha uchungu. Mama mkwe wangu alikuja na yake kutoka Magu, kwenye chupa ya maji ya kunywa, ya kahawia, ina povu juu. Alikuja nayo kwa upendo. Sikumkatalia usoni. Nilimwambia, "Mama, kesho nina kliniki, naomba unisindikize tumuulize mkunga pamoja." Mkunga, mama wa makamo, alimsalimia shikamoo, akamkalisha, akamweleza: kizazi kikibana kinatakiwa kiachie, mtoto avute pumzi, ndipo kibane tena. Dawa isiyo na kipimo inaweza kukifanya kibane bila kuachia. Mtoto anakosa hewa, na kizazi chenyewe kinaweza kupasuka, hasa kama kina kovu. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, chupa akaimwaga mwenyewe tuliporudi. Mzee akielezwa na mtu anayemheshimu, anaelewa. Msigombane naye jikoni. Na kama umeshakunywa, mwambie mkunga ukweli ukifika, hata ukiona aibu, kwa sababu wakikuongezea dripu ya uchungu juu ya dawa hiyo hatari inakuwa maradufu.

Begi, basi. Kanga na vitenge vya kutosha, mpira wa kujifungulia, glovu, pamba, kibano cha kitovu, pedi kubwa, beseni, ndoo, sabuni, nguo za mtoto na kofia yake, chupa ya uji, kadi ya kliniki juu kabisa. Sera inasema huduma ya mjamzito ni bure katika vituo vya serikali, lakini vifaa huisha, kwa hiyo uliza orodha ya hospitali yako na uweke akiba pembeni.

Uchungu wa kweli unakuja na kuondoka, kila ukirudi umekaza zaidi na umekaribiana. Lakini chupa ya uzazi ikipasuka na maji yakitoka, nenda hata kama huumwi. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana huku unaona maruweruwe, uso ukivimba, mtoto akiacha kucheza, hapo hakuna kusubiri kupambazuke.

Ukifika unaweza kupimwa njia, yaani mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, ukaambiwa ni sentimita tatu, katembee. Hujafukuzwa. Mwanzo huenda polepole, kwa mimba ya kwanza hasa. Kuanzia sentimita tano hivi mambo hushika kasi. Tembea, kunywa uji, nenda haja ndogo mara kwa mara. Usisukume kabla hujaambiwa njia imefika 10, hata mwili ukikulazimisha. Hema kwa kifupikifupi. Na uliza: "Nesi, njia imefikia wapi? Mapigo ya mtoto yakoje?" Ni haki yako. Katika uzazi wangu mmoja muuguzi alinifokea kwa kuuliza, na nililia. Aliyepokea zamu alinijibu vizuri, akanishika mgongo uchungu ulipobana, na mimi namwombea hadi leo. Uliza tu.

Mtoto akitoka utachomwa sindano pajani ya kuzuia damu kutoka nyingi. Mwombe mkunga mtoto awekwe kifuani na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale mazito ya njano usiyakamue kuyamwaga, hata bibi akisema ni machafu. Usikimbilie kuondoka, kaa hospitali angalau saa 24, kwa sababu damu nyingi hutoka ndani ya siku hiyo. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au ukisikia kizunguzungu, ita muuguzi kwa sauti, mtume na aliyekuja na mchemsho wa sato akamwite.

Nyumbani, kitovu cha mtoto kiache kikavu: hakuna majivu, hakuna mafuta, hakuna dawa ya jirani. Homa, uchafu wenye harufu mbaya au mtoto anayekataa kunyonya, rudini hospitali siku hiyohiyo. Na namba ya yule dereva wa bajaji msiifute bado, ibaki hadi arobaini ipite.