Picha ile au picha lile?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha kuonyesha filamu na mpira hapa Gungu, Kigoma. Watu wakitoka hupenda kusimama mlangoni wakitoa maoni yao. Mmoja atasema "muvi ile kali sana", wa pili "picha lile, acha tu", na wa tatu, hasa wageni wetu wa kutoka Kasulu, "kamuvi kazuri kweli". Sikuwahi kujali, mpaka binti yangu wa kidato cha pili alipokatwa alama kwa kuandika kwenye insha "picha hilo lilinifurahisha". Mwalimu wake kaandika pembeni kwa wino mwekundu: picha ni I-ZI. Nani yuko sahihi? Halafu, ubaoni niandike "tunaonyesha" au "tunaonesha"? Mama mwenye kibanda, Gungu.

JIBU: Marahaba, mama. Pole kwa alama za binti.

La ubao nalimaliza haraka: andika lolote kati ya hayo mawili. Onyesha na onesha yote yanatokana na ona, yote yanatumika, na mpita njia anachotafuta kwenye ubao wako ni saa na kiingilio. Mimi huandika onyesha kwa mazoea tu.

La binti ndilo lenye nyama.

Mwalimu wake kasema kweli kuhusu kamusi. Ukifungua picha, filamu na sinema utakuta zote zimewekwa ngeli ya I-ZI: picha hii, picha hizi; filamu imeisha, filamu zimeisha. Muvi nayo ilipokuja iliingilia mlango huohuo. Kwa insha ya darasani, ambako msahihishaji anapima kama mtoto anaijua ngeli ya neno, "picha hiyo ilinifurahisha" ingemwokoa. Ila ile sababu ya wino mwekundu, kwamba picha ni I-ZI basi, imeishia njiani. Nomino ya Kiswahili haifungwi kamba kwenye ngeli moja kama mbuzi. Huwa inahamishwa, na ikihamishwa ujue msemaji ana neno anataka ulisikie.

Chukua nyumba. Ikizidi ukubwa tunaiita jumba, na jumba hilo linapendeza, wala hakuna anayesema jumba hiyo inapendeza. Ndege huwa dege, nguo huwa guo, nyoka huwa joka, mtu huwa jitu. Ngoma, kwa vijana wa muziki, imekuwa goma: "goma limetoka jana". Hayo ni maumbo ya ukubwa, yanafundishwa shuleni, na hayamkeri mtu kwa sababu badiliko linaonekana kwa macho. Mwanzo wa neno umevuliwa kitu, au umevikwa kingine.

Sasa picha. Neno hili limetujia kutoka Kiingereza likiwa halina kiambishi cha kuvuliwa. Ukitaka unaweza kulivika ji-, ukapata jipicha, lakini si lazima, kwa sababu maneno mengi ya LI-YA, ngeli ya jumba hili na majumba haya, hutembea bila kiambishi katika umoja: duka, tunda, shamba, tanga. Kwa hiyo picha likihamia LI-YA kutafuta ukubwa halibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni kile kinachofuata nyuma yake: hili, lile, limeisha, la Kihindi. Ukubwa wote umejificha kwenye upatanisho, na msahihishaji aliyezoea kuutafuta mwanzoni mwa neno ataona kosa tupu. Filamu, muvi na sinema ziko hivyohivyo.

Kama unataka ushahidi, usiende mbali. Mtu wa Kigoma amepeleka dagaa Dar es Salaam, amerudi, anasimulia: "Treni imesimama, nashuka, natafuta gunia langu silioni. Hapo sasa picha linaanza." Linaanza. Hakuna hata mmoja atakayekusimulia mkasa wake akasema "hapo sasa picha inaanza". Hiyo ya pili ni yako wewe, mama, ukiwaita walioko nje wananunua karanga waingie wakae. Sentensi moja, neno lilelile, tofauti ni silabi moja tu, na kila mtu kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi anaijua bila kufundishwa. Kosa halisambai namna hiyo likabeba na maana yake.

Nilipopata barua yako nilikwenda kukaa kwenye kibanda umiza kimoja pale Mwanga, mjini Kigoma, Jumamosi mchana, ili nisikilize. Umiza ni jina ambalo mabenchi yake yanalistahili. Ilikuwa filamu ya Kikorea iliyotafsiriwa, mtafsiri anapiga maneno juu ya sauti za waigizaji, na mara nyingi anayosema yeye yanachekesha kuliko yaliyoko kwenye filamu. Ilipoisha nikajisogeza mlangoni kama vile nasubiri mtu. Nilinukuu watatu.

Kijana wa bodaboda: "Picha liiile, we acha. Nimeliangalia leo mara ya tatu."

Mwenzake: "Limuvi gani hilo! Masaa mawili mtu anakimbia tu."

Mzee mmoja mwenye kofia ya ukili: "Muvi ni nzuri, ila mwisho wake sikuuelewa."

Anza na mzee. Sikiliza ile n ya nzuri. Huyo kabaki I-ZI, na maoni yake yako wima kama hukumu ya mahakama: hapandishi, hashushi. Angesema "muvi ni kali" tusingejua yuko ngeli gani, kwa sababu kali, tamu na kubwa zinafanana I-ZI na LI-YA. Lakini nzuri na zuri hazifanani, wala mbovu na bovu, wala ndefu na refu. Mtu akikwambia "muvi refu lile", amekwisha kukwambia kwamba urefu wenyewe ulimfika hapa.

Kijana wa bodaboda ameweka LI mara mbili. Ya kwanza iko wazi, liiile, kaivuta kama mpira wa manati. Ya pili imo tumboni mwa kitenzi: nimeliangalia. Hiyo ndiyo ninayoipenda. Ni silabi ndogo kabisa, hakuna aliyeitilia mkazo, lakini bila hiyo sentensi ingelegea. Angesema "picha lile, nimeiangalia mara ya tatu", ungehisi kama mtu aliyepanda jukwaani kwa kishindo akashuka kwa kunyata.

Na mwenzake? Naye yuko LI-YA, na maoni yake ni kinyume kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea wanapofundisha, wakisema ukubwa ni dharau. Wengine husema ni sifa. LI-YA inakwambia tu kwamba kitu kimevuka kipimo. Kimevukia juu au kimevukia chini, hilo utalijua kwa sauti na kwa maneno ya jirani. Kwa sikio langu, na hii si kanuni, ile li- inayobandikwa mbele ya neno, limuvi, lifilamu, lidude, mara nyingi ni ya kutukana. Ile inayoachwa ifuate nyuma, picha lile, mara nyingi ni ya kuvua kofia. Lile lenyewe husaidia, maana ni la mbali: kitu kimeshapita lakini bado kinaonekana.

Nikupe mfano wa kuvukia chini. Mzee mmoja wa Ujiji, mvuvi wa zamani, alionyeshwa na wajukuu filamu inayohusu Titanic. Wao wanalia, yeye anatikisa kichwa, akiikumbuka Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika: "Jimeli lote lile, linagonga barafu, basi tena? Liemba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini." Kwa hesabu ya mita hana haki, Titanic ilikuwa na mita 269 na Liemba ina kama 71. Tazama lakini alivyozipanga. Ile kubwa kaipa ji-, lote, lile, linagonga, kwa kuudhihaki ukubwa wake. Ya nyumbani kaiachia ilizamishwa, ikaibuliwa, ikarudi, kwa heshima na adabu. Na jina lenyewe linaanza na Li! Hata hivyo hutasikia mtu wa hapa akisema "Liemba limefika". Imefika.

Kwa watu mambo yanazidi kunoga, kwa sababu mtu kwa kawaida hupewa upatanisho wa A-WA hata kama umbo la neno liko kwingine. Jambazi linaonekana kama neno la LI-YA, wingi wake majambazi, lakini tunasema jambazi yule amekimbia. Steringi, neno ambalo watazamaji walilitoa kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu wakampa mhusika mkuu, naye ni A-WA: steringi hafi. Mtazamaji akisema "jambazi lile lilivyokufa nilifurahi", kamvua ubinadamu makusudi, kamshusha akawa kitu. Akisema "steringi lenyewe jitu, halichoki", kamvua ubinadamu pia, ila kampandisha. Binti yako akiandika hivyo kwenye insha atakatwa alama tena, na safari hii mwalimu atakuwa na hoja zaidi, kwa hiyo mwambie awe mwangalifu.

Kosa la kweli ninalolisikia milangoni ni la kuchanganya: "muvi lile imenikosha sana". Uamuzi ulishafanywa kwenye lile, imenikosha inaukana. Ukiingia LI-YA tembea nayo mpaka nukta: muvi lile limenikosha, nitalirudia, mwisho wake ndio ulionimaliza. Wanaochanganya mara nyingi ni wale wanaoanza kwa hisia, katikati wakakumbuka darasa.

Woga wa LI, nadhani, umetuharibia hata maneno ambayo hayakuwa na ubaya. Gari ni neno la LI-YA tangu zamani, gari langu, magari yangu, halina dharau yoyote ndani yake. Leo watu wengi, na waliosoma ndio zaidi, wanasema gari yangu. Ukiwauliza, watakwambia "gari langu" linasikika kama wanalidharau. Yaani ukubwa wa picha lile umewakaa masikioni kiasi kwamba kila LI wanaiona ni tusi. Hapo mimi niko upande wa wino mwekundu.

Nimebakiza wageni wako wa Kasulu na kamuvi kao.

Kiswahili sanifu kikitaka kupunguza kitu hutumia KI-VI. Filamu huwa kifilamu, na kifilamu kinaweza kuwa kifupi tu, cha dakika kumi, bila ubaya. Ila mtazamaji aliyelipa kiingilio akikwambia "kilikuwa kifilamu", mama, jiandae kurudisha hela. Kwenye maoni ya filamu ki- ina baridi. Ni ya mtu anayeshika kitu kwa ncha za vidole.

Ka- haina baridi hiyo. Imetoka kwenye lugha za nyumbani: Kiha kina umwana kwa mtoto na akana kwa kitoto, na jirani zetu Wanyamwezi wa Tabora nao wana ka- yao. Watu wa bara wakaiingiza kwenye Kiswahili cha kila siku pamoja na upatanisho wake mzima, ka-ka-ka mpaka mwisho: kamuvi kazuri, kananiliza, nitakaangalia tena. Anayesema hivyo hakuidharau filamu yako. Anakwambia ilikuwa ndogo, haina milipuko wala magari yanayoruka, pengine watu wanne ndani ya nyumba moja, na imemgusa. Jaribu kuyasema hayo kwa ki-: "kimuvi kizuri, kinaniliza". Maana ipo, utamu umepungua. Katika orodha ya ngeli tunayofundisha shuleni ka- haimo, na mtahini ataikata bila kusita. Mimi mwenyewe siiandiki katika barua za kazi. Lakini nyumbani kwangu mtu akinipikia chai nikaipenda, ni kachai.

Kwa hiyo binti aandike "picha hiyo ilinifurahisha" kila anaposimulia kwa sauti yake ndani ya insha. Akitaka lile lake, amuweke mtu mlangoni pa kibanda, ampe mdomo, afungue alama za kunukuu, amwachie aseme: "Picha lile, nimelirudia mara tatu." Na mwalimu akikata hapo, niletee daftari.