Makohozi yakitoka hasi, kazi haijaisha

Ninyi mnaoanza kazi kwenye kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, huku Mtwara na Lindi, ile kanuni ya kusubiri kikohozi kifike wiki mbili ndipo mshuku TB iwekeni kando. Kwa anayeishi na VVU, kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumshuku TB. Homa, kupungua uzito na jasho la usiku ni vivyo hivyo: kimoja tu kikiwepo, apimwe. Maswali hayo manne yaulizwe kila hudhurio, hata kwa aliyepitia dirishani kuchukua ARV tu.

Kuuliza kwenyewe kuna kazi. Msimu wa kupuliza mikorosho, kila anayekohoa atakwambia ni salfa. Huenda kweli, lakini salfa haimkingi mtu na TB, chukua makohozi. Ukiuliza jasho la usiku mwezi wa Januari hapa pwani, wote watasema ndiyo. Uliza hivi: "Mama, huwa unaamka kubadilisha nguo, na uliolala nao wakavu?" Uzito usiulize. Pima, kisha linganisha na wa hudhurio zilizopita.

Mate hayafai. Mgonjwa asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani, nje penye hewa na mbali na wenzake. Chooni hapana. Mililita 2 hadi 4 ndizo nzuri. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, maana vifuniko hubadilishana.

Kipimo cha kwanza kiwe GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB. Darubini inataka vimelea kama 10,000 kwa mililita moja ndipo ione. Katriji ya Ultra ya GeneXpert huvikamata hata vikiwa takriban 16, na huonyesha usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Kinga ikishuka sana, mapafu hayafanyi mashimo, na mashimo ndiyo yanayomwaga vimelea kwenye makohozi. Kwa hiyo aliye hoi kuliko wote ndiye anayeweza kupata jibu hasi, na eksirei yake ikaonekana safi. Jibu la "trace", yaani vimelea vichache mno, kwa mwenye VVU lihesabuni kuwa ni TB. Ila halisemi lolote kuhusu rifampisini, msimwambie hana TB sugu.

CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 200 na ana dalili, au akiwa mahututi, pimeni na mkojo kwa LAM, ukanda unaotafuta mabaki ya vimelea vya TB. Mikrolita 60 kwenye ukanda, subiri dakika 25, soma kabla ya 35, linganisha na kadi ya kipimo. Wengi husoma dakika ya kumi na kuandika hasi. LAM chanya, anza dawa, na makohozi bado yaende GeneXpert. LAM hasi haifuti TB.

Papaseni na tezi za shingo, maana TB hukaa hata nje ya mapafu. Ulizeni kuhusu kichwa kinachouma mfululizo.

Vipimo vyote vikitoka hasi na mgonjwa anazidi kudhoofu, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Anaweza kumwanzishia dawa kwa dalili. Kumrudisha kwao Liwale na antibiotiki ya siprofloksasini "aje mwezi ujao" ni kumwumiza, kwani dawa hiyo hutuliza TB kidogo na kuificha.

Na dawa kinga, kama isoniazidi ya miezi 6, ni ya yule aliyejibu hapana kwa yote manne. Ukimpa mwenye ugonjwa wa TB ambao haujagunduliwa, umempa dawa moja panapohitajika nne, na vimelea vyake vinaanza kujenga usugu.